Kijana wa Kisarawe Anahitaji Msimu, Si Hotuba

Mgeni rasmi anayefungua mashindano ya shule, awe amesimama Kibaha au Kisarawe, ana agizo moja asiloliacha: vijana mjiamini. Mwalimu wa michezo hulirudia kabla ya filimbi, mzazi aliye kando ya uwanja hulipigia kelele, na timu ikifungwa lawama huishia hapohapo kwamba watoto wetu hawajiamini. Agizo lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba tunalitoa kana kwamba kujiamini ni tabia ambayo mtoto ameificha mfukoni na anachohitaji ni kuhimizwa tu aitoe. Hoja ya makala haya ni tofauti. Kijana anayecheza kwa hofu ni kijana ambaye hajacheza vya kutosha. Hofu yake inaeleza zaidi ratiba tuliyompa kuliko moyo aliozaliwa nao, na dawa yake ni msimu: mechi nyingi, zinazofuatana, dhidi ya wapinzani wale wale, zenye kushinda na kushindwa ndani yake.

Mpira wa magongo, ambao wengi huuita hoki, unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko michezo mingine. Mpira wake ni mgumu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na ukipigwa vizuri unafika mguuni kabla hujaamua la kufanya. Gongo lina upande mmoja tu unaoruhusiwa kugusa mpira, ule bapa, na sheria haziruhusu gongo la mashoto, hivyo hata anayetumia mkono wa kushoto analazimika kujifunza upya. Mchezaji mgeni utamtambua mara moja. Hasimami mahali pa wazi, bali anajibanza nyuma ya mpinzani ili asipasiwe. Mpira ukimfikia anaupiga tu uende zake, popote, mradi usiwe wake. Mweke huyo huyo kwenye kona fupi, ile adhabu ambayo walinzi watano, golikipa akiwemo, huanzia nyuma ya mstari wa goli huku mpira ukisukumwa ndani, ukasimamishwa na kupigwa kwa sekunde chache, utaona mikono ikiganda. Hakuna hotuba inayoweza kuilegeza mikono hiyo. Kinacholegeza ni kusimamisha mpira wa namna ile mara mia, mazoezini kwanza, kisha mbele ya mpinzani anayekimbia kuja kukuzuia.

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alilieleza jambo hili mwaka 1977 katika nadharia ambayo makocha wengi duniani bado wanaitumia, hata wasiolijua jina lake. Alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Kwanza ni kulifanya mwenyewe na kufaulu. Pili ni kumwona mtu anayefanana naye akilifanya. Tatu ni maneno ya kutiwa moyo. Nne ni jinsi anavyoutafsiri mwili wake, kwa mfano kama mapigo ya moyo yanayokwenda mbio anayachukulia kuwa utayari au kuwa woga. Bandura alikipa uzito mkubwa zaidi chanzo cha kwanza. Maneno alisema yana nguvu hafifu, na yanafutika upesi mtu akikutana na ushahidi unaoyapinga. Yaani mtoto aliyeambiwa asubuhi kwamba anaweza, akafungwa mabao sita mchana, jioni ataamini mabao. Sisi tumeijenga michezo ya vijana wetu juu ya chanzo cha tatu, kilicho dhaifu na cha bei rahisi, na tumekiacha cha kwanza kwa sababu kinadai muda, usafiri na waamuzi.

Ushahidi wa karibu tunao, nao umo katika historia yetu ya Olimpiki. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka Moscow timu ya wanaume ya mpira wa magongo. Nafasi ilipatikana kwa sababu mataifa mengi yenye nguvu katika mchezo huo yalisusia michezo ile kupinga majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, na timu zilizobaki zilikuwa sita. India, iliyotwaa dhahabu, iliifunga Tanzania 18 kwa bila. Mechi zote tano za hatua ya kwanza zilipotea na tukamaliza wa mwisho. Ni rahisi kusema wale wachezaji walitetemeka, na huenda kweli walitetemeka. Lakini wangeupata wapi utulivu? Walikutana na mataifa yaliyokuwa yakicheza mechi za kimataifa mwaka baada ya mwaka, wao wakiwa wametoka katika nchi ambayo mchezo huo uliishi kwenye viwanja vichache na klabu zinazohesabika. Kuna jambo dogo katika matokeo yale ambalo halitajwi. Katika hatua ya kwanza Cuba ilitufunga 4 kwa bila. Tulipokutana nayo tena kugombea nafasi ya tano, matokeo yalikuwa 4 kwa 1. Bao moja si kitu cha kuandalia sherehe, na sitalipa uzito lisiouweza. Hata hivyo ndivyo marudio yanavyoanza kufanya kazi: mpinzani yuleyule, siku chache baadaye, na safari hii wavu wake unatikisika.

Katika msafara huohuo wa Moscow walikuwemo Watanzania wawili waliorudi na medali, na mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata. Suleiman Nyambui alichukua fedha katika mita 5,000, na Filbert Bayi akachukua fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Nyambui alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ndani ya mfumo wa michezo ya vyuo vya Marekani ambao humkimbiza mwanafunzi mbio za nyika, za ukumbini na za uwanjani, msimu ukipokezana na msimu. Hakufika Moscow kuona kwa mara ya kwanza jinsi mbio kubwa zinavyofanana.

Bayi anatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu shule zake na taasisi yake ya kuendeleza vijana zimejenga makao Mkuza, Kibaha. Watu wanaikumbuka Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alipoongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kumaliza kwa dakika 3 sekunde 32.16, akivunja rekodi ya dunia ambayo Jim Ryun wa Marekani alikuwa ameishikilia tangu 1967. Alikuwa na miaka 20. John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya walimfukuza hadi utepeni bila kumpata. Anayeisoma hadithi hiyo kuanzia Christchurch ataona kijana aliyezaliwa na ujasiri usio wa kawaida, maana kukimbia mbele peke yako huku miamba ikikunusa mgongoni si jambo la mwenye moyo mwepesi. Anayeisoma kuanzia nyuma ataona kitu kingine. Mwaka 1972 huko Munich Bayi alitolewa katika hatua za awali. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968, katika umbali huohuo wa mita 1,500. Ndipo ikaja Christchurch. Mbinu ya kutangulia tangu mwanzo ilikuwa imeshajaribiwa dhidi ya watu wakubwa kabla dunia haijaiona. Ujasiri ule ulikuwa na historia, tena yenye kushindwa ndani yake.

Majirani zetu wanathibitisha jambo hilohilo ndani ya mpira wa magongo wenyewe. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la kwanza la Dunia la mchezo huo, Barcelona, mwaka 1971. Uganda, kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Ujerumani Magharibi, timu iliyokwenda kutwaa dhahabu. Wachezaji wa Uganda wenye asili ya Asia walikuwa uwanjani wiki chache tu baada ya Idi Amin kutangaza kuwafukuza Waasia nchini, na hapo ndipo mtu anapojiuliza kujiamini kulitoka wapi. Jibu langu ni ligi. Nyuma ya timu hizo zilikuwepo klabu za Masingasinga, za Wagoa na za jumuiya nyingine zilizokutana wikiendi baada ya wikiendi, zikijuana mpaka kwa tabia. Klabu hizo zilipodhoofika kwa watu wake kuhama, na dunia ilipohamia nyasi bandia kuanzia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, Afrika Mashariki ilirudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kusema Wakenya wa kizazi kilichofuata walizaliwa na mioyo midogo kuliko baba zao.

Sasa tuangalie tunachompa kijana wa sekondari leo. Njia yake kuu ni UMISSETA, na kwa mdogo wake wa shule ya msingi ni UMITASHUMTA. Mashindano haya ni hazina, na taifa lilionja pengo lake yaliposimamishwa kwa miaka kadhaa. Lakini muundo wake ni wa mchujo: shule, kisha kata au tarafa, wilaya, mkoa, na hatimaye fainali za taifa katikati ya mwaka, kama zile za Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Mchujo umetengenezwa ili kuchagua waliokwisha kuiva. Hesabu yake ni ya kusikitisha. Shule 16 zikicheza kwa mtoano, mechi zote ni 15, na shule nane, nusu nzima, zinamaliza mwaka wao baada ya mechi moja. Chukua nane tu kati ya hizo uzipangie ligi ya nyumbani na ugenini, kila shule itacheza mechi 14. Mtoto yuleyule, kocha yuleyule, uwanja uleule. Katika mpango wa kwanza anayekosea mara moja anarudi nyumbani na kosa lake analala nalo hadi mwaka ujao. Katika mpango wa pili ana Jumamosi ijayo.

Tofauti kati ya Kibaha na Kisarawe inaongeza uzito. Kibaha ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, iko kando ya barabara ya Morogoro, na ina viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha, taasisi iliyoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki kabla ya kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Shule za huko ziko karibu karibu, na kutafuta mpinzani wa mechi ya kirafiki hakuhitaji kuomba basi. Kisarawe nayo ina urithi wake, ikiwemo Minaki, ambako chuo cha wamisionari wa Kianglikana kilihamia kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Ila ukishaviacha vilima vya karibu na mji ukaelekea Maneromango au Mzenga, shule zinaachana, na safari ya mechi moja inakuwa bajeti ya kujadiliwa na kamati. Vijana wa pande hizo mbili wakikutana kwenye mashindano ya mkoa tunasema wa Kibaha ana moyo. Yawezekana ana mechi tu.

Wapo watakaopinga kwamba kipaji cha kweli hakisubiri ligi, na watauelekeza mkono mchangani. Kijana wa Kisarawe, watasema, anacheza chandimu kila jioni, tena akifika kwenye ndondo anapiga chenga mbele ya umati bila kupangiwa ratiba na mtu. Nakubaliana nao kwa moyo wote, kwa kuwa hoja yao ni yangu. Chandimu ni msimu usio na mwisho. Mvulana anayecheza soka kila jioni tangu akiwa na miaka sita amekusanya maelfu ya maamuzi madogo, na ndiyo maana kwenye soka haonekani mwoga. Mpe gongo mvulana huyohuyo uone ujasiri wake ulivyokuwa wa mchezo mmoja. Kisha muulize dada yake yuko wapi jioni ile. Yuko kisimani au jikoni, na anapoitwa kwenye timu ya shule mwezi wa nne anaambiwa apaze sauti kuomba mpira, yeye ambaye siku zote husifiwa kwa kunyamaza. Wazee wa Uzaramo wenyewe hawakuwahi kufanya kosa hili. Mwali hakutolewa nje mbele ya kijiji siku aliyoingizwa ndani. Alikaa na wakufunzi wake, akafundishwa, akarudishwa kwenye jambo lilelile tena na tena, na siku ya kutolewa alijua afanye nini huku watu wote wakimtazama. Mambo mengi ya jando na unyago yanajadiliwa leo, na mengine yanastahili kuachwa. Kanuni hii ya kutomweka mtu hadharani kabla ya kumzoeza haimo kati ya hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la masomo. Mzazi wa Pwani anayo haki ya kuhofia kwamba ligi ya mechi 14 itaila hesabu na fizikia, hasa Kisarawe, ambako kampeni ya Tokomeza Zero iliyoendeshwa wakati Jokate Mwegelo akiwa mkuu wa wilaya iliwakusanya wazazi na wadau kupambana na ufaulu duni wa kidato cha nne. Lakini tazama shule hizohizo zinavyojiandaa kwa mtihani wa taifa. Hakuna mkuu wa shule anayempeleka mwanafunzi mbele ya karatasi ya NECTA bila majaribio. Kuna jaribio la mwezi, la nusu muhula, la muhula, kisha mtihani wa majaribio wa wilaya na wa mkoa, wenye bahasha, msimamizi na saa ukutani kama ule wenyewe. Mantiki ni kwamba mtoto azoee hofu kabla hofu haijawa na gharama. Mwalimu anayemtungia mwanafunzi majaribio mengi kwa mwaka, kisha akampa mechi moja ya ushindani na kumlaumu kwa kutetemeka, anazo kanuni mbili kwa mtoto mmoja. Kuhusu muda, mechi ya magongo siku hizi ni robo nne za dakika 15. Saa moja na nusu ya Jumamosi, pamoja na mapumziko, haijawahi kumfelisha mtu.

Vipi kuhusu kushindwa? Ligi haimlindi mtoto na kipigo, wala timu dhaifu ikifungwa mara kumi na nne haitatoka ikijiamini. Hapa lazima nikubali kwamba wingi wa mechi peke yake hautoshi. Bandura alizungumzia kufaulu, na kufaulu kunahitaji wapinzani wa kiwango kinachokaribiana, ndiyo maana madaraja yapo. Kunahitaji pia kocha anayejua kuhesabu vitu vingine mbali na mabao. Beki aliyepokonya mpira mara mbili Jumamosi iliyopita na mara tano leo amefaulu hata kama timu imefungwa 3 kwa 1, lakini hatajua kama hakuna aliyekuwa na daftari. Badala ya daftari, mara nyingi anapata karipio mbele ya wenzake kwamba ameiaibisha shule. Karipio la aina hiyo linamfundisha kutokuomba mpira, maana asiyegusa mpira hakosei.

Gharama ni halisi, na kwa mpira wa magongo ni kubwa zaidi. Vifaa vinaagizwa, vya golikipa peke yake ni mzigo, na nyasi bandia si jambo la kuota kwa halmashauri inayotafuta madawati. Lakini mchezo wenyewe umeanza kupungua ukubwa. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55 na wachezaji 11 kila upande. Aina mpya ya wachezaji watano kila upande, ambayo Kombe lake la kwanza la Dunia lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024, inachezwa kwenye eneo dogo zaidi, na bao linaweza kufungwa kutoka popote. Kwa mazoezi ya shule, eneo tambarare na ngumu linafaa. Shule nne zenye magongo kumi kumi zinaweza kuendesha ligi. Na shule isiyotaka kusikia habari za magongo inaweza kuifanya hesabu hiyohiyo kwa netiboli au wavu, ambavyo vifaa vyake tayari viko stoo.

Kuhusu lini, kalenda ya shule inatoa jibu bila kubembelezwa. Mchujo wa UMISSETA unazimeza wiki za kuelekea katikati ya mwaka, na fainali zikiisha viwanja hubaki vitupu hadi Januari. Muhula wa pili una mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, hao waachwe wasome. Wanaobaki ni kidato cha kwanza na cha tatu, ambao hawana mtihani wa taifa mwaka huo, na ndio hasa watakaounda timu ya mwaka unaofuata. Shule nne zilizo karibu, Agosti hadi Oktoba, Jumamosi kwa Jumamosi nyumbani na ugenini, ni mechi sita kwa kila timu. Afisa michezo wa wilaya anachotakiwa kutoa ni ratiba, mwamuzi, na barua kwa wakuu wa shule wanne.